Jezi Kumi na Moja Kambani

Jumatatu ua wetu ulikuwa mwekundu.
Jezi kumi na moja kambani, vichwa chini, mikono ikining'inia,
zikidondosha rangi juu ya kabichi,
hata tukala kabichi za waridi mwaka mzima
na hakuna aliyenung'unika: ilikuwa rangi ya União,
timu ya Vale Perdigão, mji wa makanisa mawili na daktari nusu
(nusu ya wiki alikuwa kwetu, nusu kwa wenzetu).

Mama alilipwa mafuta ya zeituni, chupa mbili kwa msimu.
Aliwajua wachezaji kwa uchafu wao.

Huyu Zeferino, alisema, akinusa kwapa la namba nne:
kiangazi huchuna magome ya mialoni, yale ya kuzibia chupa,
na Jumapili huchuna miguu ya watu.
Huyu Belmiro, golikipa, mwoka mikate:
viwiko vyake vina vumbi nje, unga ndani,
ukiviloweka maji yanakuwa uji.
Na huyu wa kumi na moja...
hapo mama huiinua jezi juani, aigeuze, aigeuze tena.
Huyu Custódio anacheza, au anapanga foleni?

Maana jezi ya Custódio ilirudi safi kama ilivyokwenda.
Fundi cherehani, vidole virefu, sharubu zimechongwa,
alikimbia kandokando ya chokaa kama mtu anayekwepa dimbwi,
na uwanja wetu haukuwa umeona dimbwi tangu Machi.
Nyasi hatukuwa nazo. Tulikuwa na udongo, kokoto,
na mstari uliopinda kwenye kona ya makaburini
kwa sababu Hermínio mpiga kengele aliuchora kwa jicho moja,
la pili aliliacha machimbo ya marumaru.
Wageni waligomba. Wetu walijua:
pale mpira ukitoka, bado uko ndani.

Ugenini walikwenda kwa lori la nguruwe.
Wakifungwa walirudi wakiimba, tukawasikia toka darajani.
Wakishinda walirudi kimya.
Hawakuwa na wimbo wa hilo.

Na ile mechi ya Monte Ruivo!
Dakika ya hamsini Belmiro alinusa hewa,
akavua glovu, akamtupia Zeferino, akapaza sauti: Mikate!
akatoka mbio na bukta yake kwenda kuitoa tanuruni.
Dakika sita golini alikaa mtu asiyejua kudaka,
na katika dakika sita hizo hatukufungwa.
Belmiro aliporudi, nyusi zimejaa majivu, tukafungwa matatu.
Lakini jioni ile mkate ulikuwa laini.
Nani angemkasirikia?

Kisha Ufaransa ikaanza kutuchezesha pungufu.
Barua, sanduku lililofungwa kamba, basi la alfajiri:
Adelino kwanza, halafu watoto wawili wa kinyozi
ambao hata pasi walipeana wao kwa wao.
Zilizokuja na jasho zikawa tisa, zikawa nane.
Mama alifua zote kumi na moja.
Vumbi, alisema, halijui nani amehama.

Mechi ya mwisho sikuiona, nilikuwa na surua.
Niliona tu kilichofika kapuni:
ya kumi na moja, udongo toka kola hadi pindo,
kiwiko kimechanika, kokoto moja imenasa kwenye uzi.
Wapo wasemao Custódio aliruka mzimamzima, akafunga kwa kichwa.
Wapo waapao aliteleza akiufuata mpira makaburini.
Mwenyewe alipanda basi Jumatano
na cherehani yake mapajani kama mtoto mgonjwa.
Mama aliishika jezi ile juu ya beseni, muda mrefu.
Maji yakapoa.
Kisha akaikunja vilevile, kavu.

Ninayo. Nikiikung'uta, vumbi bado linatoka,
kidogo tu, linatua mezani karibu na kisu cha mkate.
Huwa nachelewa kulifuta.